Soko la televisheni: Inchi nyingi bila futi kamba ni hasara

Biashara ya televisheni katika maduka ya Kariakoo na Mchafukoge, jijini Dar es Salaam, ni biashara ya kuhesabu inchi. Mteja huuliza inchi, muuzaji hujibu kwa inchi, na bei hupanda kwa inchi. Kipimo cha pili, yaani umbali kati ya kioo na kiti cha mtazamaji, mara nyingi hakitajwi na upande wowote. Hata hivyo, kipimo hicho ndicho kinachoamua kama mnunuzi ataridhika na mali yake, au atairudisha dukani akidai kauziwa kitu kibovu.

Suala hili si la starehe peke yake. Linamgusa mwenye fremu anayefunga mtaji wake katika mzigo wa inchi 65 na 75. Linamgusa pia mwekezaji mdogo anayetaka kufungua kibanda cha kuonyeshea mpira na filamu, ambaye kila benchi lisiloona vizuri kwake ni kiingilio kilichopotea.

Kipimo cha zamani

Wakazi wengi wa Tanzania Bara walianza kuzoea televisheni kuanzia mwaka 1994, vituo binafsi vya ITV, DTV na CTN vilipoanza kurusha matangazo. Zanzibar ilikuwa imetangulia na televisheni yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya 1994, aliyekuwa na seti Bara aliitumia zaidi kwa kanda za video.

Seti za wakati huo, ambazo leo huitwa televisheni za chogo, zilikuwa na picha ya mistari 576 inayoonekana. Katika seti ya inchi 21, jicho la kawaida linaanza kutoitambua mistari hiyo likiwa umbali wa karibu mita 1.9. Anayekaa karibu zaidi huona picha ikiwa na chengachenga. Hivyo onyo la wazazi kwa watoto kwamba wasisogelee televisheni lilikuwa na maana yake kwa ubora wa picha.

Kipimo hicho kimebaki vichwani mwa wanunuzi, wakati bidhaa imebadilika. Kioo cha kisasa cha 4K kina vitone vidogo kiasi kwamba mtu anaweza kukaa mita 1.1 kutoka kwenye inchi 55 asivitambue. Anayeogopa kununua inchi 55 kwa sababu chumba chake ni kidogo huenda anaogopa bure. Aidha, anayenunua inchi 75 kwa sababu jirani anayo huenda anatupa fedha.

Kanuni ya kukadiria

Mafundi wa kumbi za sinema na wa vyumba vya kutazamia nyumbani hutumia pembe ya macho. Picha ikijaza nyuzi 30 za upeo wa macho inatosha kwa matumizi ya kawaida. Ikijaza nyuzi 40 inakaribia hali ya ukumbi wa sinema. Kwa kioo chenye umbo la 16 kwa 9, hesabu hiyo inarahisishwa hivi: chukua urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe, zidisha kwa 1.6 kupata umbali wa kawaida, au kwa 1.2 kupata umbali wa sinema.

Vipimo kwa ukubwa unaouzwa sana ni kama ifuatavyo:

Inchi 32: upana sm 71, ukae kati ya mita 1.0 na 1.3.
Inchi 43: upana sm 95, ukae kati ya mita 1.3 na 1.75.
Inchi 55: upana sm 122, ukae kati ya mita 1.7 na 2.2.
Inchi 65: upana sm 144, ukae kati ya mita 2.0 na 2.6.
Inchi 75: upana sm 166, ukae kati ya mita 2.3 na 3.0.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni cha kawaida katika nyumba za Kiswahili. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 3.05. Meza ya televisheni hula kama sentimita 40. Kwenye kochi lililoegemea ukuta, kichwa cha mtu huwa mbele ya ukuta kwa kama sentimita 60 au zaidi. Umbali halisi unaobaki ni mita 2 tu. Kwa umbali huo, inchi 55 inakaa vizuri, na inchi 65 ndiyo mwisho. Inchi 75 hailingani na chumba hicho, labda itundikwe ukutani ili kuokoa sentimita 30 hivi.

Urefu wa kutundika nao una hesabu yake. Katikati ya kioo panatakiwa kuwa karibu na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, yaani kiasi cha mita 1.0 hadi 1.2 kutoka sakafuni. Televisheni inayotundikwa juu karibu na dari huvutia dukani, lakini huchosha shingo nyumbani.

Picha inayoingia

Jambo linaloharibu hesabu nyingi ni chanzo cha picha. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo king'amuzi kimekuwa kifaa cha lazima kwa anayetazama matangazo ya kawaida. Hata hivyo, dijitali si sawa na picha safi. Chaneli inayorushwa kwa kiwango cha kawaida, yaani SD, bado ina mistari 576 ile ile ya enzi za chogo, ila sasa inavutwa ijaze kioo kikubwa.

Kwa picha ya namna hiyo, umbali wa kutotambua kasoro ni karibu mara 2.9 ya urefu wa kioo. Inchi 55 ingehitaji mita 4. Mwenye chumba cha futi kumi hana mita 4. Matokeo yake, mteja hununua 4K ya inchi 55, huunganisha king'amuzi chake cha zamani, huona sura za watangazaji zimevurugika, kisha hurudi dukani na malalamiko. Televisheni ni nzima. Kilichokosekana ni ushauri.

Kwa hiyo mnunuzi anayetegemea king'amuzi cha SD peke yake, katika chumba cha mita 2, atapata picha safi zaidi kwa inchi 32, na inchi 43 ikiwa atavumilia kidogo. Mwenye king'amuzi cha HD au intaneti ya uhakika anaweza kupanda hadi 55 bila wasiwasi.

Hesabu ya kibanda

Kwa wawekezaji wadogo, soko kubwa ni vibanda umiza, ambavyo jina lake linatosha kueleza hali ya ukaaji ndani yake. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uandaaji wa AFCON 2027, na mashindano ya aina hiyo huwasukuma wengi kufikiria biashara hii. Kabla ya kununua chochote, inafaa kuhesabu viti.

Tuchukue banda la futi 20 kwa 30, sawa na mita 6.1 kwa 9.1. Safu zinaachana sentimita 90, kila mtu anapewa nusu mita ya benchi, na benchi la mita 5 linaachia njia ndogo kila upande. Safu ya nyuma isizidi mara sita ya kimo cha picha, vinginevyo mtazamaji hasomi matokeo na dakika vilivyoandikwa pembeni mwa kioo. Anayekaa pembeni naye asizidi nyuzi 45 kutoka katikati, maana hapo picha hupoteza umbo na, kwa vioo vingi, rangi pia.

Kwa televisheni ya inchi 55, safu ya kwanza inakuwa mita 1.7 na ya mwisho haipiti mita 4.1. Zinapatikana safu tatu, ya mbele ikiwa ya watu 6 tu kwa sababu ya pembe. Jumla ni watu 26. Kwa inchi 75 zinapatikana safu nne na watu 39. Kwa projekta yenye picha ya inchi 120, safu zinaanza mita 3.7 na kufika karibu na ukuta wa nyuma: safu sita, watu 60.

Kwa mfano wa hesabu tu, kiingilio kikiwa shilingi 500, onyesho moja lililojaa litaleta shilingi 13,000 kwa inchi 55, shilingi 19,500 kwa inchi 75, na shilingi 30,000 kwa projekta. Mwenye banda anaweza kubana watu 60 mbele ya inchi 55, lakini zaidi ya nusu watakuwa wamelipia kusikiliza, na wiki ijayo watakwenda kwa jirani.

Projekta na jua

Hesabu hiyo isimkimbize mtu kununua projekta. Picha ikiongezwa urefu mara mbili, kwa mfano kutoka inchi 60 hadi 120, eneo lake huongezeka mara nne na mwanga hugawanyika hivyo hivyo. Projekta dhaifu ndani ya banda lenye matundu ya mabati hutoa picha iliyofifia.

Saa za mechi ni muhimu hapa. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri huko, huanza saa 11 jioni Dar es Salaam wakati wa majira yao ya joto, na saa 12 jioni wakati wa baridi. Saa 11 jua bado kali. Mwenye projekta lazima aweze kulitia banda giza na wakati huo huo kuwapa watu hewa na mlango wa dharura. Asiyeweza yote mawili ni afadhali abaki na televisheni.

Kuna pia suala la kimo. Ukingo wa chini wa picha unatakiwa kuwa juu ya vichwa vya safu ya mbele, kiasi cha mita 1.3. Picha ya inchi 120 ina kimo cha karibu mita 1.5, hivyo paa lisipungue mita 3. Projekta ya kawaida inayohitaji umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha itaning'inizwa mita 4 kutoka ukutani, na taa yake, kama ni ya balbu, itabadilishwa baada ya saa elfu kadhaa. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na leseni na vibali. Mkataba wa king'amuzi cha nyumbani nao si mkataba wa kuonyesha kwa kiingilio.

Kwa mwenye fremu

Mfanyabiashara wa Kariakoo huuzia pia wateja wa mikoani na nchi jirani, ambao televisheni ikileta malalamiko hawawezi kuirudisha kesho yake. Jina la duka ndilo linaloumia. Mzigo mkubwa wa inchi 75 huvutia macho mlangoni, lakini vyumba vya wateja havijapanuka kwa sababu vioo vimepanuka, na mtaji unaolala stoo hauzai.

Hatua mbili hazina gharama kubwa. Kwanza, duka liwe na futi kamba na alama za mita 1.5, 2 na 3 sakafuni, mteja asimame kwenye umbali wa chumba chake kabla ya kuchagua. Pili, kioo cha maonyesho kiwashwe kwa picha ya king'amuzi cha kawaida, si kwa filamu maalumu ya maonyesho pekee. Mteja aulizwe pia kama boksi la inchi 65, lenye upana unaozidi mita moja na nusu, litapita ngazini kwake. Katika maghorofa ya Mchafukoge swali hilo huokoa safari ya mkokoteni ya kwenda na kurudi.