Je, Wajua? Tembo wa Ueno na vita katika vitabu vya watoto

Je, wajua kwamba mwaka 1946, miji ya Ujerumani ikiwa bado vifusi, Jella Lepman alifungua maonyesho ya vitabu vya watoto mjini Munich? Mama huyu Myahudi alikuwa amewakimbia Wanazi akahamia Uingereza, kisha akarudi kwao baada ya vita. Kutokana na maonyesho hayo ilizaliwa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana, iliyofunguliwa 1949 na ipo mpaka leo.

Na wajua kitabu alichokitafsiri yeye mwenyewe? Ni hadithi ya Ferdinand, fahali asiyetaka kupigana, iliyoandikwa na Munro Leaf mwaka 1936 na kupigwa marufuku na Wanazi. Lepman alichapisha nakala 30,000 kwa karatasi ya magazeti, watoto wakapewa bure.

Je, wajua kwamba aliyechora *Hiroshima no Pika* (1980) aliuona mji huo kwa macho yake? Toshi Maruki na mumewe Iri walifika Hiroshima siku chache tu baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945. Kitabu kinamfuata Mii, mtoto wa miaka 7. Bomu linalipuka familia ikiwa mezani, na siku kadhaa baadaye Mii bado ameng'ang'ania vijiti vyake vya kulia. Mama yake ndiye anayemkunjua kidole kimoja kimoja. Maruki hakuficha moto wala maiti, nami naona alifanya haki.

Keiji Nakazawa, mtunzi wa *Hadashi no Gen*, katuni kuhusu bomu hilohilo, alikuwa na miaka 6 lilipoanguka. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba shule za mji wa Matsue zilikuwa zimeagizwa kuziondoa katuni hizo kwenye rafu za wazi. Wananchi walilalamika, agizo likafutwa.

Sasa tembo. Kitabu cha Yukio Tsuchiya kuhusu tembo watatu wa bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, kimewaliza Wajapani tangu 1951, na kwa miaka mingi kilisomwa redioni kila tarehe 15 Agosti, siku ya kukumbuka mwisho wa vita. John, Tonky na Wanly walinyimwa chakula hadi wakafa, huku wakifanya michezo waliyofundishwa ili angalau walishwe. Hilo ni kweli.

Lakini je, wajua kwamba kitabuni wanyama wanauawa kwa sababu mabomu yanaanguka, ilhali tembo walikufa Agosti na Septemba 1943? Hadi hapo Tokyo ilikuwa imeguswa na mabomu mara moja tu, Aprili 1942. Mashambulizi makubwa yalianza Novemba 1944. Amri ya kuua wanyama ilitoka kwa gavana wa Tokyo mwenyewe. Tarehe 4 Septemba ilifanyika ibada ya kuwaombea wanyama waliokufa, watoto wa shule wakihudhuria, na wakati huo Tonky na Wanly walikuwa wangali hai, wamefichwa nyuma ya mapazia. Tonky alikufa tarehe 23.

Mwaka 1949 watoto wa Japani walimwandikia Nehru, Waziri Mkuu wa India, wakiomba tembo. Akawapelekea mmoja, jina lake Indira, kama binti yake.

Mzazi, mwalimu: ukimsomea mtoto kisa cha Ueno, usiishie kwenye machozi. Mwambie pia nani alitoa amri, na lini.