Kwa Nini Mwalimu Hasahihishi Kila Kosa

Mzazi afunguaye daftari la Kiingereza la mtoto wake huenda akashangaa. Aona makosa kumi katika ukurasa mmoja, na mwalimu ametia wino mwekundu mahali pawili au patatu tu. Wako wazazi wadhanio kuwa mwalimu ni mvivu, au kwamba yeye mwenyewe hakuyaona makosa yale. Mara nyingine ni kweli, kwani walimu ni watu kama watu wengine. Lakini mara nyingi mwalimu ameyaacha kwa kusudi, na yafaa sababu zake zijulikane.

Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. Ajuaye herufi zake aweza kuandika hata neno ambalo hajapata kuliona. Kiingereza sivyo. Maneno “though”, “through” na “tough” yafanana machoni, lakini masikioni hayafanani hata kidogo. Sababu moja ni kwamba Waingereza walianza kuyazoea maandishi yao yaliyopigwa chapa tangu William Caxton aliposimamisha mtambo wake Westminster mwaka 1476, na baada ya hapo matamshi yao yakaendelea kubadilika huku maandishi yakibaki nyuma. Basi mtoto wa Machakos au Kisumu leo hulipa deni la watu waliokufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita.

Tena kuna makosa ambayo hayatokani na ujinga, bali hutoka katika lugha ambayo mtoto aijua vizuri. Msemaji wa Kiswahili asemapo “alikuja”, hana haja ya kuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza chadai kila mara. Kwa hiyo mtoto huandika habari za mama yake na kumwita “he”, wenzake wakacheka, naye asijue kilichowachekesha. Kadhalika katika hadithi Mswahili husema “nilikwenda sokoni, nikaona mwizi, nikapiga kelele”. Akisha kutaja wakati uliopita mara moja, ile “ka” humtosha mpaka mwisho. Mtoto akiifuata njia hiyo katika Kiingereza, kitenzi cha kwanza chatoka sawa na vingine vyote vyaharibika.

Mwalimu mwenye ujuzi hutambua makosa ya namna hii, huchagua aina moja, kwa mfano vitenzi vya wakati uliopita, akaifundisha juma zima na kusahihisha hiyo tu. Daftari likijaa wino mwekundu kutoka juu hata chini, mtoto huona jambo moja tu, kwamba ameshindwa. Hulifunga asilitazame tena.

Liko na jambo la hesabu. Tangu karo za shule za msingi zilipoondolewa Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Mwalimu mwenye wanafunzi 60, akitumia dakika tano kwa kila daftari, atahitaji saa tano kwa insha moja tu, mbali na masomo yake mengine na nyumba yake.

Lakini kosa kubwa kuliko yote si la herufi wala vitenzi. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hata 2023, mtoto alipewa dakika 40 kuandika insha ya Kiingereza. Shule nyingi ziliona njia ya mkato. Watoto walikaririshwa sentensi za fahari, za jua lililochomoza kwa madaha na moyo uliodunda kama ngoma, wakaambiwa wazitie po pote zitakapoingia. Matokeo yake, mtoto ambaye hajapata kuiona bahari aliandika kwa fahari habari za matembezi ya pwani, wala hakuweza kueleza kwa maneno manne jinsi tangi la maji la shule yake lilivyopasuka. Mtoto huyo hakufundishwa kuandika. Alifundishwa kunakili kwa kichwa. Akija kuwa mkubwa na kutakiwa kuandika barua kwa chama cha ushirika kudai fedha za majani yake ya chai, sentensi za jua hazitamfaa kitu.

Mwalimu aliye bora huanza kwa mdomo. Huuliza darasa, “Baiskeli ikitoboka, hutengenezwaje?” Watoto hueleza, wakibishana kuhusu lipi hutangulia, kutoa mpira wa ndani au kuutafuta mwiba. Mwalimu huandika ubaoni maneno ya Kiingereza watakayohitaji. Ndipo kila mmoja huandika, kisha humsomea jirani yake. Jirani asipofahamu namna ya kuziba tundu, mwandishi mwenyewe huona kuwa ameruka jambo, hata kabla mwalimu hajashika kalamu. Mwisho huandika tena kwa usafi. Maandishi ya mara ya pili ndiyo yenye mafunzo mengi, nayo ndiyo yanayoachwa mara nyingi kwa sababu kengele imelia.

Katika kufikiri huku kwa kwanza, walimu wengine huruhusu lugha ya nyumbani. Zamani haikuwa hivyo. Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi watoto wa wakati wake waliokutwa wakisema Kikuyu shuleni walivyopigwa viboko au kuvikwa kibao cha aibu shingoni. Adhabu hiyo iliwafundisha wengi kunyamaza, na mtu aliyenyamaza hana la kuandika.

Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kusaidia pia. Jioni, kazi zikiisha, amwambie mtoto afungue daftari na amweleze kwa lugha yao habari aliyoiandika. Kama mtoto hawezi kuieleza, au kama habari yenyewe haina kichwa wala miguu, mzazi atajua, ingawa hajui hata neno moja la ukurasa ule. Na akitaka kujua kwa nini kosa fulani halikutiwa wino, amwulize mwalimu siku ya wazazi ni kosa gani alilokuwa akilifundisha juma lile.