NENO MOJA LA KIINGEREZA LILIVYOMTIA MLINZI MASHAKANI

Jirani yangu mmoja hapa Dodoma alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala la alizeti. Alfajiri moja magunia manne yalionekana hayapo, naye akatakiwa aandike maelezo kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya majalada ya ofisi yao. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, kwa hiyo hakuona haja ya kumsumbua mtu. Katikati ya maelezo yake aliandika: “Clearly I did not see the man.” Mistari miwili mbele akaeleza kwamba mtu yule alivaa koti refu jeusi, tena alikuwa akichechemea.

Wakubwa wake walipoyasoma maelezo hayo walimwona kuwa mwongo. Je, inawezekanaje mtu aape kwamba hakumwona mwizi, kisha aeleze hata namna alivyotembea?

Jirani yangu hakusema uongo. Alitaka kusema, “Vizuri sikumwona mtu yule,” kama mimi na wewe tusemavyo kila siku. Lakini sentensi aliyoiandika ilisomeka, “Ni dhahiri kwamba sikumwona mtu yule.” Laiti angaliliweka neno lile mwishoni, “I did not see the man clearly,” pasingalikuwa na shauri lolote.

Jambo hili linatuhusu wengi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ila chache, na mtoto akiingia kidato cha kwanza hana budi kusoma karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, na hiyo ni heri kubwa. Hata hivyo barua za kazi, ripoti na maelezo katika ofisi nyingi bado huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kuandika aghalabu hufikiri kwanza kwa Kiswahili.

Sasa tazama Kiswahili chetu kilivyo. Kielezi, yaani neno lielezalo ni lini, wapi au namna gani tendo lilitendeka, twaweza kukitanguliza tupendavyo. Twasema “Jana nilikwenda Mpwapwa,” au “Nilikwenda Mpwapwa jana,” na hakuna linaloharibika, kwa sababu mtenda na wakati vyote viwili vimo ndani ya kitenzi: ni-li-kwenda. Twaweza hata kumweka mtenda nyuma, tukasema “Jana ilinyesha mvua.” Kitenzi cha Mwingereza hakimbebi mtenda kwa namna hiyo. Kwake nafasi ya neno ndiyo ifanyayo kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi.

Kwa hiyo kosa la kwanza la watoto wetu ni kumsahau mtenda. Niliwahi kuona daftari la mwanafunzi aliyeandika habari za mpango wa karanga wa Waingereza kule Kongwa. Aliandika vyema, “In 1947 the scheme began.” Kisha akaandika, “In 1951 was abandoned.” Kwa Kiswahili, “Mwaka 1951 ulivunjwa,” twajua ni mpango ndio uliovunjwa, maana ule “u” watuambia. Kwa Kiingereza sentensi ile haina mwenyewe. Ilipasa kuwa, “In 1951 it was abandoned.” Na mvua nayo: “Yesterday it rained,” wala si “Yesterday rained.”

Maneno ya wakati hayana ugomvi mkubwa yakitangulia. “Yesterday,” “last week,” “in 1973,” yote hukaa mbele kwa raha, mradi umkumbuke mtenda, na kitenzi kiwe cha wakati uliopita ulio wazi. Sema “Last week I sold the grapes,” usiseme “Last week I have sold.” Lakini “always” hapendi kutangulia, mahali pake pa kawaida ni baada ya mtenda: “He always came late.”

Maneno ya namna ndiyo yenye hatari, nayo ndiyo yaliyomponza jirani yangu. Mengi ya hayo yakiwekwa mbele, hasa yakifuatwa na mkato, huacha kueleza tendo, yakawa maoni ya mwandishi. “He counted the money honestly” ni sifa ya mhesabu: alihesabu kwa uaminifu. “Honestly, he counted the money” ni wewe unayeapa kwamba kweli alihesabu, na kama alidokoa hukusema. Kadhalika, “The driver answered strangely” maana yake alijibu kwa namna ya ajabu. “Strangely, the driver answered” maana yake ni ajabu kwamba alijibu hata kidogo. Fikiri mwenyewe sentensi kama hizo zikisomwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Lipo kundi la tatu: maneno ya kukanusha kama “never,” “rarely” na “hardly.” Haya yakitangulia hugeuza sentensi nzima, kitenzi kisaidizi kikampita mtenda: “Never did I see such hail.” Sisi husema “Kamwe sikuona,” tukikanusha mara mbili bila kosa, ndipo mwanafunzi huandika “Never I didn't see.” Tena angalia kwamba “did” amekwisha kuubeba wakati uliopita, hivyo “see” hurudi katika umbo lake la asili, “Never did I saw” ni kosa. Kwa maoni yangu mwandishi wa barua ya kazi aachane na mapambo hayo, aandike tu “I never saw such hail.” Hakuna meneja atakayemdharau.

Na jirani yangu? Katika kikao, mjumbe mmoja alimwambia aweke karatasi kando, aeleze kwa Kiswahili. Alieleza kwa dakika chache, wote wakaelewa, akarudishwa kazini siku ya pili. Magunia hayakuonekana hadi leo.

Ikiwa una mwanafunzi nyumbani, mpe sentensi hizi jioni ya leo azitie katika Kiingereza, nawe ukae naye mezani: “Jana usiku treni ilifika Dodoma.” “Mwaka jana ilichelewa mvua.” “Vizuri sikumsikia mwalimu.” Ya tatu mwache aifikirie polepole.