Kijiko cha Maji Ndani ya Giaboksi

Mashine ya boti ikisimamishwa wima usiku kucha, asubuhi fundi akilegeza skrubu ya chini ya giaboksi, kinachotangulia kutoka ni maji, maana ni mazito kuliko oili. Ikiwa imetoka safarini, vyote vimeshapigwa pamoja na beseni linajaa kitu kama chai ya maziwa. Rangi hiyo inathibitisha kwamba maji yameingia. Kiasi cha maji hayo ni hesabu nyingine.

Yamaha Enduro ya farasi 40 hubeba oili ya gia karibu mililita 430. Kijiko cha chai cha maji, yaani mililita 5, ni karibu asilimia 1.2 ya oili hiyo. MerCruiser Alpha One Gen II, ambayo injini yake hukaa ndani ya boti na giaboksi nje ya tezi, hubeba karibu lita 1.9, na humo kijiko kilekile ni asilimia 0.26.

Je, ni kingi? Mwaka 1977 Cantley wa kampuni ya Timken alichapisha kanuni ya umri wa beringi. Oili yenye maji sehemu 100 kwa milioni ndiyo kipimo. Yakifika 400, umri unabaki asilimia 43 hivi, na kwa 1,000 unabaki 25. Kijiko chetu katika mililita 430 ni zaidi ya sehemu 11,000, na kanuni ingejibu asilimia 6. Jibu hilo silitegemei: Cantley alipima maji machache mno kuliko hayo. Mwelekeo ndio wa kushika.

Sasa shilingi. Bei hizi ni za mfano. Weka za dukani kwako. Oili, shilingi 20,000 kwa lita, kwa hiyo kujaza mara moja ni 8,600. Sili za kuzuia maji, washa na ufundi, 120,000. Gia na beringi mpya, 1,500,000.

Anayemwaga oili kila ikigeuka maziwa, bila kugusa sili, anaifikia bei ya matengenezo mara ya 14: jumla 120,400. Mara 13 za mwanzo anajiona mjanja. Lakini hesabu yake imechukulia kwamba gia haziliki wakati wote huo. Kwa kuwa 120,000 ni asilimia 8 ya 1,500,000, uwezekano wa gia kufa ukipita 8 katika 100, kuahirisha ni hasara hata kabla ya kuhesabu oili.

Mtihani wa kujua kama giaboksi inavuja ni rahisi: pampu, shinikizo la kilopaskali 100 hivi, giaboksi ndani ya pipa la maji, na jicho linalotafuta povu. Kukosa povu hakutoshi. Giaboksi yenye joto ikipoa majini, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta, kwa hiyo ijaribiwe na kwa kunyonya.

Ukitafuta panapovuja, anza na washa za skrubu, ndizo rahisi kuliko vyote. Kisha vua propela: mshipi wa nailoni uliojizungusha nyuma yake hukata sili. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukinasa mfereji, sili mpya nayo itavuja, na ile 120,000 italipwa mara mbili.