Usiku Mtakatifu kwa gitaa moja

Kwaya ikiimba wimbo wa Krismasi, watu hugawana kazi. Soprano hubeba wimbo, alto na teno hujaza katikati, besi hushika chini. Mpiga gitaa kavu aliyeketi peke yake ana nyuzi sita na vidole vinne vya kudonolea. Akitaka kuzipiga sauti zote nne mwanzo hadi mwisho, vidole vitagongana na wimbo wenyewe utamezwa. Kazi yake ya kwanza, basi, ni kuamua aache nini.

Wengi hubaki na soprano na besi. Sikio likipata sauti ya juu kabisa na ya chini kabisa, hukisia kodi iliyokusudiwa, hasa kwa wimbo ambao msikilizaji anaujua tangu utotoni. Alto na teno huchomekwa noti mojamoja, pale vidole vinapopata nafasi.

Tuuchukue "Usiku Mtakatifu". Maneno yake ya Kijerumani yaliandikwa na padri Joseph Mohr mwaka 1816, na mwalimu Franz Xaver Gruber akayatungia sauti mwaka 1818. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huohuo waliuimba wawili hao kanisani Oberndorf, Austria, kwa kusindikizwa na gitaa. Kwa hiyo chombo hiki kilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila wakati ule kilisindikiza tu. Sasa tunakitaka kiimbe pia.

Ufunguo wa D unaufaa sana. Wimbo unavyoimbwa leo, noti yake ya chini kabisa inakuwa D, ambayo ni uzi wa nne ulio wazi, na ya juu kabisa G, freti ya tatu ya uzi wa kwanza. Sauti nzima inaenea ndani ya freti nne za mwanzo. Kisha legeza uzi wa sita kutoka E hadi D. Nyuzi tatu nene sasa zinatoa D, A na D bila kushikwa. Kodi kuu za wimbo ni D, G na A, na mbili kati yake tayari zina besi isiyohitaji kidole cha mkono wa kushoto. Hata wimbo unapofika kileleni, karibu na mwisho, kodi ni A: dole gumba linagonga uzi wa tano, na mkono wa kushoto unabaki huru kuifuata sauti juu.

Gharama unailipa kwenye G. Besi yake, iliyokuwa freti ya tatu ya uzi wa sita, imehamia ya tano, huku sauti ikipita freti ya pili. Kidole kidogo hakina budi kujinyoosha. Ukikwepa kwa kupiga uzi wa tatu ulio wazi, mkono unapumzika lakini besi inapoteza uzito.

Tatizo jingine ni pumzi. Mwimbaji hushikilia noti ndefu, lakini uzi ukishadonolewa huanza kufifia papo hapo. Pengo hilo hujazwa na dole gumba, linalotembea kati ya nyuzi za chini wakati noti ya juu inakwisha. Kwetu ufundi huu una historia ndefu. Msikilize Mwenda Jean Bosco katika "Masanga", aliyorekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952: ni mtu mmoja, nawe utadhani ni wawili.

Mmarekani John Fahey alifuata njia hiyohiyo mwaka 1968, aliporekodi albamu ya Krismasi, *The New Possibility*, kwa gitaa la nyuzi za chuma bila mwimbaji wala kwaya. Mwendo wa dole gumba aliupata kwa wapiga bluzi wa kusini mwa Marekani, akauweka chini ya nyimbo za kanisani.

Anayetaka kujaribu aanze na sauti ya juu peke yake mpaka iweze kuimbika. Kisha aongeze besi kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, halafu azijaze noti ndefu. Za katikati zije mwisho. Kila noti inayoongezwa ipimwe kwa swali moja: je, anayesikiliza bado anaweza kuimba pamoja nawe? Kama hawezi, iondoe, hata kama vidole vyako vinaiweza.