'Labda' ilikuwa lazima kabla ya kuwa shaka

JUZI nikiwa kwenye matatu kutoka Njoro kwenda Nakuru mjini, mkulima mmoja aligombana na mteja wake kwenye simu. "Nilikuambia labda nitaleta viazi Jumatano. Labda! Sasa lori ulikodi la nini?"

Kisarufi, mkulima hana kosa. 'Labda' ni kielezi cha shaka, kama 'perhaps' ya Kiingereza, neno ambalo ndani yake mna 'hap', yaani bahati. Ila 'labda' haikuanza na shaka. Imetoka katika Kiarabu 'la budda', yaani 'hapana budi'. Naam, 'budi' ni lile lile! Neno moja limezaa watoto wawili wasiosikizana: 'sina budi kuleta' humfunga msemaji, 'labda nitaleta' humwachia upenyo. Yule mteja aliambiwa la pili, akasikia la kwanza.

Lazima iligeukaje shaka? Mimi naona ni kwa njia ya kukisia. Ukisema "lazima amefika saa hizi," hujamwona, unabahatisha tu. Na masalio ya ule ulazima bado yapo: "Hatakulipa huyo, labda umfuate kwake" si shaka hata kidogo, ni kusema hakuna njia nyingine.

Wanafunzi wangu nao huandika 'labda huenda akakuja'. Shaka moja yatosha, jamani. Chagua 'labda atakuja' au 'huenda akaja', bila hiyo 'ku'.