Wembe, Kinoo na Mkono Usiolazimisha

Asubuhi kwenye mwalo wa Rumonge, mitumbwi ikishashusha ndagala na mukeke, utasikia chuma kikisuguliwa juu ya jiwe. Anayepasua samaki ananoa kisu. Anayekwenda kwenye michikichi, maana mji huu unajulikana Burundi nzima kwa mawese, anapitisha tupa kwenye panga lake. Wote wanafanya haraka na kwa nguvu, na hawakosei: kisu cha samaki na panga la kukatia mikungu ya chikichi hupenda makali yenye meno madogo yanayong'ata.

Wembe haunolewi hivyo. Nasema wembe wa kukunja, ule wenye mpini unaomeza chuma chake, waliokuwa nao vinyozi wa zamani. Kuunoa kwa mkono ndiyo kazi tulivu kuliko zote ninazozijua, na utulivu huo haukuja wenyewe. Umo katika umbo la chombo.

Uangalie kwa karibu. Mgongo wake ni mnene, na kuanzia hapo chuma kinapungua hadi kwenye makali. Ulaze juu ya kinoo: mgongo unagusa jiwe, makali yanagusa jiwe, na pembe ya kunolea imeshapatikana, digrii 16 au 17 hivi kwa pande zote mbili zikijumlishwa, bila wewe kukadiria chochote. Aliyeufua ndiye aliyeipanga. Anayenoa kisu hupigana na pembe kila anapokipitisha. Anayenoa wembe ameondolewa kazi hiyo. Imebaki moja tu, nayo ni ngumu: kutokukandamiza. Ncha ya makali mazuri haifiki hata mikroni 1, wakati unywele mmoja una unene wa mikroni 50 hadi 100. Chuma chembamba namna hiyo ukikitia nguvu kinapinda. Uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Basi unausukuma makali yakitangulia, kana kwamba unataka kuchuna utando mwembamba juu ya jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, kamwe si kwa makali, kisha unarudi. Mwanzoni unasikia mkwaruzo. Baada ya mizunguko kadhaa sauti inashuka, inakuwa kama pumzi. Tazama sasa maji yaliyolowesha jiwe: mwanzo yalikuwa yakipita chini ya makali, lakini makali yakishakaa sawasawa juu ya jiwe, maji yanasukumwa mbele na kuanza kupanda juu ya ubapa. Nikiona maji yamepanda, huwa nagundua kuwa hata mabega yangu yameshashuka. Mtu mwenye hasira hawezi kazi hii. Wembe utamsema kwenye shavu.

Niliwahi kunoa nikiwa nimeketi ufukweni kabisa, nikichota maji ya ziwa palepale miguuni. Chembe moja ya mchanga ilipanda juu ya kinoo nami sikuiona. Nilisikia mlio mdogo, na makali yakawa na pengo. Kulifuta pengo lile kulinichukua jioni mbili. Tangu hapo maji nayatuliza kwanza kwenye bakuli, na jiwe nalisuuza kabla ya kila wembe.

Baada ya kinoo huja mkanda wa ngozi, na hapo mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau, utaikata ngozi na kuyaua makali kwa pigo moja.

Tumezoea kuambiwa kuwa ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Wengi huisikia kama onyo; kinyozi huisikia pia kama maelekezo ya kazi, tena sahihi. Nywele zikilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe hauchoki upesi. Maana wembe huchoka kweli. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walieleza katika jarida la Science jinsi unywele, ulio laini takriban mara 50 kuliko chuma cha wembe, unavyoweza kuyamegua makali pale unapopinda wakati wa kukatwa na kukutana na sehemu ya chuma isiyo na ulinganifu.

Kuna jambo la historia linalonigusa. Wajerumani walitawala hapa hadi 1916, na mji wao wa Solingen ndio uliotukuka kwa nyembe. Wakafuata Wabelgiji hadi 1962, na kwao, upande wa Vielsalm, huchimbwa jiwe la manjano lenye chembe ndogo za ganeti, ambalo wanoaji wa dunia nzima hulisifu kwa nyembe. Lakini neno lenyewe ni letu toka zamani: Mswahili anasema wembe, Mrundi anasema urwembe.

Siku hizi wembe kwa watu wengi ni kile kijichuma cha kutumia na kutupa, na kwa kinyozi wa mtaani ndivyo inavyopasa kuwa. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini huweza kupita kwenye damu iliyobaki kwenye makali, na maji ya moto ya bakuli hayatoshi kuondoa hatari hiyo. Hata mtoto anaponyolewa nywele za kuzaliwa siku ya saba, kwenye akika, aletewe wembe mpya uliofunguliwa mbele ya wazazi.

Wembe wa kukunja, basi, ni wa kichwa kimoja na ndevu za mtu mmoja. Ukiupata wa zamani sokoni, safisha kutu, kagua kama mgongo umenyooka, kisha unoe mwenyewe. Ukimaliza kunyoa ukaushe mpaka kwenye kiungo cha mpini, kwa kuwa unyevu wa ziwa hauchelewi kuleta kutu. Na usiuazime, hata kwa ndugu yako.